Umeme baada ya dhoruba: dalili na vyanzo vya hitilafu kutoka nguzoni hadi kwenye mita

Katika njia yote ya umeme, kutoka kwenye mtambo hadi kwenye taa ya chumbani, kipande kinyonge kuliko vyote ni cha mwisho: waya wa sevisi unaotoka nguzoni na kushika ukuta wako. Ni mwembamba, unaning'inia peke yake, unapita katikati ya miembe na minazi ambayo hakuna anayeipogoa, na umefungwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliijenga bila kuufikiria. Upepo wa masika ukivuma, au kimbunga kikisogea kama Hidaya kilivyosogea Mafia na pwani ya kusini Mei 2024, waya huo ndio huanza kuachia.

Maelezo haya ni ya mwenye nyumba au mpangaji anayetaka kujua hitilafu iko wapi kabla ya kupiga simu, na ya fundi wa mtaani anayeitwa saa mbili usiku. Hayafundishi kupanda nguzo. Kwa Tanzania Bara, kila kilicho kabla ya mita, pamoja na mita yenyewe, ni cha TANESCO. Kuanzia pale waya unapotoka kwenye mita kwenda swichi kuu, ni chako. Msomaji wa Unguja aweke ZECO, na wa Mombasa aweke Kenya Power. Dalili ni zilezile. Mpaka huo usiuone kama urasimu. Kabla ya mita hakuna swichi unayoweza kuizima, na fyuzi za transfoma inayolisha mtaa mzima hazitashtuka kwa ampea kumi zinazovujia kwenye bati lako. Waya wa upande huo ukileta hitilafu, unaendelea kuwa na umeme mpaka mtu wa shirika aje.

Kwanza macho, mikono ikae mfukoni

Subiri mvua na radi zipite. Toka nje kukiwa na mwanga, simama mbali, kisha ufuate waya kwa macho kuanzia nguzoni. Angalia tawi lililoulalia, waya ulioshuka kuliko ilivyokuwa jana, kulabu iliyong'oka ukutani au kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), bomba la kupandishia waya lililopinda, na weusi wa moto kwenye klampu. Nguzo ya mbao iliyoinama nayo ni dalili: huwa imeshaoza pale inapoingia ardhini, dhoruba imekuja kumalizia tu.

Waya ukiwa umeanguka chini, kaa mita 10 au zaidi, na uweke watu kila upande wa njia wazuie watoto na bodaboda. Usiusogeze kwa mti. Mti uliolowa unapitisha umeme. Wala usiseme "umekufa huo, mtaa mzima uko giza". Umeme unaweza kurudishwa dakika hiyohiyo, na hata usiporudishwa kuna jirani mwenye jenereta aliyechomeka waya wenye plagi mbili za dume kwenye soketi ili nyumba iwake. Umeme wake unatoka kwa kupitia mita yake hadi kwenye laini, unaingia kwenye transfoma kinyumenyume, na upande wa pili unatoka ukiwa maelfu ya volti. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa ndiye anayekutana nao. Jenereta bila chenjiova, ile swichi inayotenga laini wakati jenereta inatumika, ni kosa, na jirani wa namna hiyo aambiwe usoni.

Waya ukishalala chini huwezi kujua kwa kuutazama kama ni wa nyumba wa volti 230 au ni wa msongo wa kilovolti 11 au 33. Nguzo nyingi hubeba yote mawili, msongo mkubwa juu kabisa kwenye vikombe vyake vya kauri na mdogo chini yake, na wa juu ukikatika huweza kuulalia wa chini. Ardhi iliyolowa kuuzunguka nayo ina umeme unaopungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo miguu iliyoachana hupata volti tofauti na umeme hupanda mguu huu na kushukia ule. Ndiyo sababu ng'ombe hufa mahali ambapo mchungaji wake amenusurika: miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Ukigundua umeshasogea karibu mno, ondoka kwa kuburuta nyayo, hatua fupifupi, miguu isiachane. Aliye ndani ya gari lililoangukiwa na waya abaki humo humo mpaka umeme uzimwe.

Nyumba yako giza, jirani ana mwanga

Nenda kwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla, uangalie kioo chake. Ikiwa mita iko nje au juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia tokeni tu, kidude hicho kisikudanganye: vingine vina betri na huonyesha tarakimu hata mita ikiwa imezima. Itazame mita yenyewe.

Kioo kikiwa kimezima kabisa, umeme haufiki kwenye mita. Fezi (waya unaoleta umeme) imekatika, au nyutro (waya unaourudisha), au zote mbili, na chanzo kiko upande wa shirika. Mara nyingi ni klampu iliyoachia nguzoni. Mitaa ambayo nguzo zake zina fyuzi kwa kila nyumba, huenda fyuzi ndiyo imeungua baada ya matawi kuzigonganisha nyaya. Chanzo cha tatu hakionekani kirahisi: waya umekatikia ndani ya ganda lake. Alumini ikipindwa mara nyingi mahali pamoja huwa ngumu kisha huvunjika, na mahali hapo ni pale waya unapotoka kwenye kulabu ya ukutani, ambapo upepo umekuwa ukiuyumbisha kwa miaka. Ganda la plastiki linabaki limeushikilia, na kwa aliye chini waya unaonekana mzima. Ukitazama vizuri utaona kishingo kidogo, waya umekunjika mahali ambapo ungepaswa kuteremka kwa mviringo.

Kioo kikiwa kinawaka, mshukuru Mungu, maana kazi imekuwa nyepesi. Angalia uniti kwanza. Watu huita fundi usiku kumbe LUKU imeisha katikati ya mvua. Uniti zikiwepo, nenda kwenye swichi kuu na breka. Breka ya kuzuia uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia, ikikataa kusimama, shusha breka zote ndogo, ipandishe hiyo kwanza, halafu pandisha ndogo moja baada ya nyingine. Itakayoiangusha ndiyo yenye hitilafu, na baada ya dhoruba huwa ni ya taa ya nje, soketi ya barazani au pampu. Iache chini, endelea kutumia nyingine, na fundi akaushe au abadilishe. Breka zote zikiwa juu, uniti zipo, na bado giza, mita yenyewe imekata au imeharibika. Hiyo usiifungue. Lakiri ikikutwa imevunjwa, wewe ndiye utakayeulizwa.

Mtaa mzima ukiwa giza huna cha kutafuta ndani. Zima friji na televisheni, acha taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umeme ukirudi, toa taarifa, basi. Zikiwa giza nyumba baadhi tu na zimechanganyika na zenye mwanga (yako, ya tatu kutoka kwako, na ile ya kona), hiyo ni fezi moja kati ya tatu iliyopotea. Laini ya mtaani ina fezi tatu na nyutro moja, na nyumba hugawiwa kwa zamu katika fezi hizo. Sema hivyo kwenye simu: "fezi moja imepotea, nyumba kadhaa ziko giza". Fundi wa zamu atajua aanzie kwenye transfoma, asije kuanza kupekua nyumba yako.

Mwenye mashine ya kusaga au pampu ya fezi tatu asiwashe kabisa fezi moja ikiwa haipo. Mota inanguruma bila kuzunguka, na ikiwa ilikuwa tayari inazunguka inaendelea kwa fezi mbili huku koili zikichemka. Kuisuka mota upya kunagharimu siku kadhaa za kusaga.

Taa inafifia upepo ukivuma, au ukiwasha birika

Hapa umeme upo, na ndiyo maana watu huvumilia dalili hii miezi kadhaa. Upepo ukija taa inapepesa, ukitulia inatulia. Usiku ukitoka nje unaona cheche za bluu juu ya nguzo au pale waya unapogusa ukuta, na ukisikiliza unasikia sauti ya kukaanga. Kiungo kimelegea, au nyuzi za waya zimebaki mbili tatu.

Jaribio ni rahisi na salama. Washa taa moja, kisha birika la umeme au pasi. Taa ikishuka sana, mwombe jirani aangalie ya kwake wakati unawasha tena. Ya kwake ikishuka pamoja na yako, tatizo liko kwenye laini ya mtaa au transfoma imezidiwa. Ya kwake ikibaki vilevile, tatizo ni la sevisi yako au la ndani kwako. Kutenganisha haya mawili, fundi apime volti kwenye vituo vya swichi kuu birika likiwa linachemka: zikiporomoka hapo, hitilafu iko kabla ya hapo, zikibaki palepale na taa bado hafifu, ni wayaringi ya nyumba.

Kiungo kibovu kinakula umeme kuliko mtu anavyodhani. Chukua klampu iliyoshika kutu hadi ikawa na ukinzani wa omu 2 tu, na birika la wati 2000. Ampea nane hivi zinapita. Volti 16 zinapotea palepale, na wati kama 130 zinageuka joto ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Joto hilo linaongeza kutu, kutu inaongeza omu, omu zinaongeza joto. Ndiyo maana kiungo kinachocheza huwa hakipoi chenyewe, na fundi wa pwani, ambako chumvi ya bahari haiachi chuma wala alumini, huviona vingi kuliko mwenzake wa Dodoma.

Uniti zilizopotea kwenye klampu ya nguzoni hazihesabiwi na mita yako, kwa hiyo wa kulalamikia bili si wewe. Kiungo kikiwa baada ya mita, kwenye swichi kuu kwa mfano, unalipia joto la kuunguza ubao wako mwenyewe. Ikiwa umeshaona weusi na harufu ya plastiki kwenye swichi kuu, izime na uache imezimwa.

Taa zinawaka kali kupita kiasi

Dalili hii haisubiri asubuhi. Ukiona taa zimewaka nyeupe kali, feni inakimbia, chaja ya simu inatoa harufu, na wakati huohuo nyumba ya pili inalalamika umeme mdogo, nenda ukazime swichi kuu sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Kisha ugonge milango ya majirani nao wazime. Nyutro ya laini imekatika.

Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyutro ikiwa nzima, kila nyumba inapata 230 zake na hazisumbuani. Nyutro ikikatika kuelekea transfoma, nyumba za mbele ya mkatiko zinabaki zimeshikamana zenyewe kwa zenyewe, na nyumba yako na ya jirani wa fezi nyingine zinajikuta zimefuatana kwenye volti 400 bila mtu wa kuzigawa sawa. Mgawo unafuata mzigo, tena kwa kinyume. Tuseme kwako kuna taa na televisheni, wati 100 jumla, na jirani anapiga pasi ya wati 1000. Yeye atabaki na volti kama 36, pasi yake iwe baridi. Zilizobaki, zaidi ya 360, zinakuja kwako. Televisheni inakufa, friji inafuata, na vikapasita vya chaja vinapasuka. Jirani akichomoa pasi na mwingine akawasha kitu kwingine, mgawo unabadilika tena, ndiyo maana volti hupanda na kushuka bila mpangilio.

Watu wengi hulaumu "umeme mwingi ulioletwa na TANESCO" baada ya tukio hili. Transfoma haikuleta zaidi ya ilivyoleta jana. Waya mmoja ulikatika, na mara nyingi dhoruba ndiyo iliyoukata, kwa sababu nyutro kwenye laini za zamani za nyaya nne zilizo wazi ni waya kama nyingine, hupigwa na makuti kama nyingine, lakini ikikatika hakuna fyuzi inayoungua kutoa habari.

Nyumba ya fezi tatu yaweza kupata haya peke yake, nyutro ya sevisi yake ikikatika. Nyumba ya fezi moja hali yake ni nyingine: nyutro ya sevisi ikikatika kila kitu kinazima, na hapo ndipo hatari ya pili hujificha. Fundi anayepima kwa testa anakuta matundu yote mawili ya soketi yanawasha testa. Umeme umetoka kwenye fezi, ukapita ndani ya taa iliyowashwa, ukafika kwenye waya wa nyutro, ukakosa pa kwenda. Waya mweusi au wa bluu ambao kila mtu anauona hauna madhara sasa una volti 230. Anayesema "hakuna umeme, acha nifunge hii nyutro kwa mkono" anaweza kufa kwenye nyumba iliyo giza.

Kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata volti zikizidi au zikipungua, kina thamani yake hapa, mradi kiwe cha kweli. Vingi vya bei ya chee vina taa nzuri na ndani hamna kitu.

Bati, bomba au geti linapiga shoti

Waya wa sevisi uliopita juu ya ukingo wa bati unasagwa kila upepo unapovuma. Ukingo wa bati ni msumeno. Ganda likiisha, paa zima linaweza kuwa na umeme, pamoja na mfereji wa maji ya mvua, bomba lililofungwa ukutani, dirisha la nondo lililoguswa na misumari ya paa, na ile waya ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye kenchi. Waya ya kuanikia nguo ndiyo inayoua, maana mtu huishika kwa mikono miwili iliyolowa, miguu ikiwa peku kwenye ardhi iliyolowa.

Ukisikia mtu amepigwa "kidogo tu", usiende kuthibitisha kwa mgongo wa kidole. Toa watu ndani kwa mlango wa mbao bila kugusa nondo wala bati, wavae viatu vikavu, wakae mbali na ukuta. Aliyenaswa hashikwi kwa mkono. Zima swichi kuu ikiwa unaifikia bila kugusa chuma. Kisha fundi apime, na hapa swichi kuu inatoa jibu lenye maana. Bati likibaki na umeme wakati swichi kuu imezimwa, waya wa nguzoni ndio unaoligusa na hakuna utakachoweza kufanya zaidi ya kukaa mbali na kuita shirika kwa dharura. Umeme ukitoweka, kuna mawili: wayaringi ya darini imekwaruzwa, au nyutro ndiyo inayogusa bati na imekatika huko juu.

Hilo la pili linahitaji kufahamu waya wenyewe. Sevisi nyingi ni za waya ambao fezi iko katikati na nyutro ni nyuzi nyembamba zilizozungushwa nje yake, halafu ganda. Bati likisaga ganda, kinachoguswa kwanza ni nyutro, siyo fezi, na kwa muda hakuna anayejua. Bati linaendelea kula, uzi baada ya uzi, mpaka nyutro inakatika. Sasa ukiwasha taa, umeme unapita kwenye taa na kurudi kupitia bati, na bati linapiga shoti pale tu kitu kinapokuwa kimewashwa. Ukisimuliwa dalili ya namna hiyo, "linapiga usiku tu, mchana halipigi", pandisha macho kwenye ukingo wa paa. Waya za kusokotwa, ambazo kila moja ina ganda lake, hazitoi onyo hilo: likiisha ganda la fezi, bati limewaka moja kwa moja.

Umeme ulirudi vizuri, tatizo limekuja wiki moja baadaye

Mita inachemka, inatoa sauti ya kukaanga, kioo chake kina mvuke ndani, au swichi kuu inaanguka kila mvua inaponyesha. Ni maji. Hayakuingia kwa mlango wa mita. Yalishuka na waya.

Waya ulionyooka kutoka nguzoni hadi kwenye tundu la ukuta ni mfereji. Matone yanateleza juu ya ganda na kuingia nao ndani. Ndiyo maana waya unaofungwa vizuri huachiwa mkunjo, unashuka chini ya tundu kisha unapanda kuingia, ili maji yadondoke kwenye sehemu ya chini ya mkunjo. Dhoruba ikiuvuta waya, mkunjo huo ndio wa kwanza kunyooka, na mafundi wenye haraka huunganisha tena bila kuurudisha. Simama chini uutazame: kama huoni mkunjo, omba uwekwe kabla hawajashusha ngazi.

Njia ya pili ya maji ni ndani ya waya wenyewe. Ncha iliyo nguzoni ikiachwa imetazama juu bila kufunikwa, mvua inaingia kati ya zile nyuzi za nyutro na kushuka nazo mita 20 au 30 hadi kwenye mita, polepole, kwa siku kadhaa. Mtu wa shirika akifungua mita, anakuta nyuzi zimeota unga mweupe na kuna dimbwi dogo chini ya kituo. Kukausha hakusaidii. Waya huo umeharibika ndani na unatakiwa kubadilishwa wote, ncha mpya ikiinamishwa chini na kufungwa kwa tepu isiyopitisha maji.

Kutoa taarifa, na wale wa njia ya mkato

Kwenye simu toa namba ya mita, mtaa na alama inayojulikana, namba iliyobandikwa au kuchorwa kwenye nguzo, na dalili kwa maneno ya moja kwa moja: waya umeanguka njiani, bati lina umeme, taa zinawaka kali. Maneno hayo matatu yanakupandisha kwenye foleni. "Umeme hakuna" yanakuacha mwisho. Dai namba ya taarifa. Piga picha ukiwa mbali.

Baada ya dhoruba kubwa shirika huanza na laini za msongo, kisha transfoma, nyumba moja moja mwisho. Inaudhi, lakini ina mantiki, na kishoka, fundi wa kujipachika asiye wa shirika, anajua kwamba inaudhi. Atakuja na ngazi ya mianzi, atasokota alumini na shaba kwa koleo, atafunga mfuko wa nailoni juu yake, na utawaka. Shaba na alumini zikigusana kwenye unyevu, alumini inaliwa. Kiungo hicho kitaanza kufifisha taa kabla ya vuli, na ukaguzi ukipita wewe ndiye uliyejiunganishia umeme. Wafanyakazi wa kweli wana vitambulisho, na malipo yoyote halali yana namba ya malipo ya serikali; hakuna anayepokea noti mkononi chini ya nguzo. Kwa kazi ya upande wako, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.

Jambo moja unaloweza kuandaa wakati unasubiri: mahali pa kufungia. Kulabu iliyong'oka kwenye ubao uliooza haitashika tena ubao uleule. Mwite seremala au mwashi atengeneze fishabodi au ukuta, na ukate matawi ya mwembe yaliyo mbali na waya. Yaliyougusa waachie wao.

Wakija na wakishaunganisha

Kazi safi unaijua hata ukiwa chini. Wanazima kwanza, wanapima kuhakikisha hakuna umeme, ndipo mtu anapanda na mkanda. Kipande kilichoharibika kinakatwa chote. Alumini inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, inapakwa grisi yake, inafungwa kwa klampu ya boliti na siyo kwa kusokota. Nyutro inaunganishwa kwanza, fezi mwisho. Waya unaovuka njia unanyanyuliwa juu ya kimo cha lori lililosheheni, na mkunjo wa maji unaachwa ukutani.

Swichi kuu yako iwe imezimwa muda wote huo. Kabla ya kuiwasha, omba volti zipimwe mbele yako. Kati ya 207 na 253 ni asilimia 10 juu au chini ya 230 na vyombo vingi vitavumilia. Hakikisha pia fezi na nyutro hazikugeuzwa, kwa sababu zikigeuzwa kila kitu kitawaka kama kawaida huku swichi za taa zikikata nyutro na kuacha fezi kwenye holda. Washa taa moja, kisha birika, uangalie taa ikishuka. Friji iwe ya mwisho, baada ya dakika kumi hivi. Na mwenye pampu ya fezi tatu aifungulie maji mapema, wakati gari la mafundi bado lipo: ikizunguka vizuri lakini maji yanapanda kwa unyonge, fezi mbili zimebadilishana nafasi na pampu inazunguka kinyume. Wakizigeuza palepale, pampu itarudi kwenye mzunguko wake.